Mugeni wa Mama Valérie

Jumapili ile, kabla watu wa misa ya pili hawajatoka kanisani, mtaa wote wa Mapendo, hapa Goma, ulikuwa umeshajua kwamba Dative anaolewa. Nani alisema? Usiulize. Katika mtaa ambako kuta za mbao zinapitisha hata pumzi ya jirani, habari haina mwenyewe.

Ndani ya chumba, Tantine Nyirakamana, dada ya baba yake Dative, alikuwa na pini mdomoni, akimzungushia msichana mushanana ya kuazima, ile nguo ndefu laini ya kufungwa begani ambayo kwao Masisi mabibi harusi huivaa.

"Simama wima! Unajikunja kama mutu anaenda kuchomwa sindano."

"Tantine, inanibana."

"Ikubane. Ndoa nayo inabana, anza kuzoea."

Wanawake waliojazana mlangoni wakaangua kicheko. Dative naye akacheka, lakini macho yake yalikuwa kwenye simu iliyolala juu ya kitanda, kana kwamba itasema tena neno lile.

Nje, mzee Munyakazi, baba yake, alikaa kwenye jiwe jeusi la volkano, koti limefungwa mpaka juu, fimbo ya kuchungia kati ya magoti. Fimbo bila ng'ombe. Ng'ombe zote zilipotea siku walipokimbia Masisi. Fimbo peke yake ndiyo iliyofika Kibati, kwenye hema za wakimbizi, na sasa Mapendo, kwenye hii nyumba ya kupanga.

"Nyirakamana," aliita, "mimi bado sielewi. Kawaida wao ndio wanakuja kwangu. Wanaomba, tunakunywa, wananipa ng'ombe, ndipo natoa mutoto. Leo namna gani bibi harusi anajipeleka mwenyewe?"

"Muzee, siku hizi watu wanafupisha! Mama ya kijana ametoka Yerusalemu. Mutu akitoka kwenye kaburi ya Yezu anakuita, utamuambia angoje kwanza ng'ombe?"

Munyakazi akafikiri. "Hapana. Lakini ng'ombe atakuja?"

"Atakuja. Leo tunamuonyesha Dative tu, jioni tunarudi naye. Na huyo ng'ombe akikuja mutamulalisha wapi? Kwenye kitanda yangu?"

Mzee akatabasamu. Tangu Kibati, Dative hakuwa ameona meno ya baba yake. Akageuka upesi, machozi yasiharibu poda.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyetegemea siku hii. Mama Valérie, mjane aliyetoka upande wa Butembo miaka mingi iliyopita, aliuza vikwembe, vile vitenge vya wanawake, sokoni na alikuwa na mtoto mmoja tu, Honoré. Honoré alikuwa fundi wa umeme. Aliitwa kutengeneza waya kwenye duka ambako Dative aliuza maziwa na fromaji, zile jibini za Masisi, na waya ule ukawa unaharibika kila wiki, mpaka wateja wakaelewa ugonjwa wake. Habari ilipomfikia mama yake, alisema neno moja, na neno lenyewe likazunguka Goma nzima kabla ya jioni:

"Mahari nitapeleka wapi? Kwenye hema? Nitabisha mlango gani?"

Baadaye parokia ikaandaa pelerinaji, hija ya kwenda Yerusalemu. Mama Valérie alikuwa akiiota safari hiyo tangu ujana, na kwa sababu magoti yalikuwa yamemgomea, akamchukua Honoré amshike mkono. Jirani yake, Papa Bashige, hakukosa la kusema.

"Mama Valérie, unatoka Goma unaenda kutafuta vita ya wengine? Hii ya hapa haikutoshi?"

"Bashige, vita ya hapa haina kaburi ya Yezu."

Siku ya kuagana, Dative alimpa Honoré kitambaa cha kichwa cha marehemu mama yake. "Wanasema kuna jiwe kule, lile walimulazia Yezu kabla ya kumuzika. Kipanguse pale. Halafu umuombe kitu kimoja tu. Roho ya mama yako ilegee."

"Nitaomba mpaka malaika wanichoke," Honoré alisema, akamtazama namna ile yake ya kumtazama, kama mtu anayejifunza njia ili asipotee wakati wa kurudi.

Walifika salama. Halafu vita vikalipuka kule, anga likafungwa, mahujaji wakakwama. Mapendo, mtaa unaojua mlio wa bomu kuliko mlio wa kengele, ukakaa kuwaombea watu walioenda kuombea Mapendo. Simu za Honoré zikakoma. Ndipo ukaja ujumbe wa sauti, ving'ora vikilia nyuma yake, watu wakilia kwa lugha zisizojulikana:

"Dative, tuko chini ya ardhi. Tuko wazima. Mama anasema tukifika, ukuje kwetu siku ya Mungu. Anasema atakupokea kama mugeni..."

Hapo network ikakatika.

Tantine Nyirakamana alipiga kigelegele mpaka kuku wa jirani wakaruka uzio. Kwa sababu kwa Kinyarwanda cha kwao, mugeni si mtu aliyekuja kutembea. Mugeni ni bibi harusi.

Dative alizijua lugha zote mbili. Alijua kwamba kwa Kiswahili cha Goma, mugeni ni mgeni tu: unampa kiti, unampa chai, anaenda zake. Lakini alijua pia kitu ambacho Tantine hakukijua. Siku moja, wamekaa kwenye ngazi za duka, yeye mwenyewe alimfundisha Honoré maana ya neno lile. Honoré alicheka mpaka koleo likamwanguka. "Kumbe kila siku nikisema karibu mugeni, nafunga ndoa?" Tangu hapo, wakiwa wawili peke yao, hakumwita Dative tena. Alimwita mugeni.

Basi angesemaje neno lile bila kujua analolisema? Dative alirudia kuusikiliza ujumbe mpaka simu ikaisha moto wa betri. Kati ya maana mbili, akachagua ile iliyomfanya baba yake aonyeshe meno.

*

Nyumba ya Mama Valérie, ya matofali na geti la buluu, ilikuwa imejaa mpaka watu wamekaa kwenye madirisha. Mahujaji wamerudi! Kila mtu alitaka tone la mafuta ya Yerusalemu kwenye paji la uso. Na aliyepata la paji alitaka jingine la goti.

"Mawe yake ni meupe," Mama Valérie alikuwa akisimulia, chupa mkononi. Alikuwa amekonda. "Siyo kama haya yetu. Mji wote mweupe, jua likipiga unafumba macho. Njia nyembamba, wafanyabiashara wanakuvuta mkono kama hapa kwenye soko ya Virunga. Na lile jiwe la Yezu, wamama wanalipangusa, wanalibusu, wanalia. Nikasema, kumbe hata huku watu wanalia juu ya mawe."

"Na mabomu?" Papa Bashige akauliza.

"Bashige, bomu ni bomu. Haina lugha."

Hapo ndipo wimbo ukaingia getini. Tantine Nyirakamana mbele, mikono juu kama pembe za ng'ombe, wanawake wa Mapendo nyuma yake, na katikati Dative, mushanana ikipepea, mikononi amebeba icyansi, chombo cha mti cha maziwa, kifuniko chake kimechongoka kama paa la nyumba ya zamani. Watu wakageuka. Wengine wakapiga makofi kwa sababu wimbo ulikuwa mtamu.

Mama Valérie hakupiga makofi. Alitazama mushanana. Alitazama maziwa. Chupa ya mafuta ikainama mkononi, tone likaanguka sakafuni bila kumbariki mtu.

"Karibu," alisema polepole. "Karibu, mugeni."

"Mumesikia?" Tantine akawaambia wenzake, kisha akapiga goti. "Mama mukwe, mugeni tumemuleta. Tunamuweka wapi?"

Mama Valérie akageukia mlango wa jikoni. "Hapa tu... pamoja na wageni wengine. Vanessa, leta kiti."

Wimbo ukafa. Haukuisha, ulikufa, sauti moja baada ya nyingine.

Kutoka jikoni akaja msichana mwenye mwiko mkononi, akiburuta kiti cha plastiki. Alikuwa amevaa kikwembe cha maua ya kijani. Dative akatazama kikwembe kile, kisha akatazama cha Mama Valérie. Maua yaleyale. Kitambaa kimoja, kimekatwa mara mbili. Goma nzima inajua kusoma vikwembe: wanaovaa kimoja ni wa nyumba moja.

"Kaa, dada," Vanessa alisema kwa upole, wala hakuwa na kiburi, na hiyo iliuma zaidi.

Honoré akaingia kwa mlango wa nyuma akibeba kreti ya Fanta. Alipomwona Dative na mushanana yake, aliiweka kreti chini taratibu sana, kama mtu aliyekumbuka kitu ambacho hakupaswa kukisahau.

"Dative," alisema, "ukuje kidogo huku nyuma."

*

Nyuma ya nyumba kulikuwa na tangi la maji na kamba ya nguo. Kelele za sebuleni ziliwafikia kama nyuki. Walisimama, kamba imepita kati yao.

"Nani amekuambia uvae hivyo?" Honoré aliuliza.

"Wewe."

"Mimi?"

"Ulisema atanipokea kama mugeni."

Honoré akafumba macho. "Mungu wangu. Dative... yalikuwa maneno ya mama. Mimi nilirudia tu. Mugeni, mutu wa kupokelewa na heshima. Sikutaka usikie habari kwa simu. Nilimuomba mama kitu kimoja: usifukuzwe, ukuje, ukae, ule, halafu nikuambie mimi mwenyewe, jicho kwa jicho. Ndiyo heshima yote niliweza kukutafutia."

"Lile neno nilikufundisha mimi, Honoré."

Honoré akageuza macho kwenye tangi la maji.

"Kwenye ngazi. Ukacheka. Ukaniita nalo tangu siku ile. Leo unaniambia nini?"

"Nilisahau."

Dative alikuwa amejiandaa kwa mengi. Kwamba mama yake amekataa, angelivumilia. Kwamba hapendwi tena, labda angelizoea, kama watu wanavyozoea kulala kwenye hema. Lakini hili dogo, nilisahau, lilimpata mahali ambapo hakuwa ameweka ukuta.

"Basi niambie," alisema. "Niambie hiyo habari. Niko hapa, mugeni wako, jicho kwa jicho."

Honoré akashika kamba ya nguo. "Tulikuwa kwenye kanisa ya kaburi. Nilikuwa nimepangusa kitambaa chako kwenye jiwe, mikono bado ina mafuta. King'ora kikalia. Watu wakakimbia, tukasukumwa chini, kwenye handaki. Mama tension, ile presha yake, ikapanda. Akaanguka. Dative, alikuwa anageuka rangi. Vanessa alikuwa kwenye kikundi chetu, ni infirmière, muuguzi, ndiye alimushika, akamupa dawa zake mwenyewe, akamupulizia pumzi. Mama alipofungua macho akasema, 'Naenda. Usiniache niende na wasiwasi. Niapie utamuoa huyu mutoto.' Kichwa chake kwenye mapaja yangu. Juu kunalipuka."

"Ukaapa."

"Niliapa. Na mikono ile yenye mafuta."

"Ulipoapa, ulinifikiria?"

"Nilikufikiria."

"Kabla, ama nyuma?"

Fanta zilikuwa zikifunguliwa ndani, pss, pss. Mtu alicheka, akanyamazishwa.

"Nyuma," Honoré alisema.

Dative akatikisa kichwa taratibu. "Watu wa dunia nzima wanaenda kule kuomba. Mimi nilikutuma ukaniombee. Wewe ukaenda kunitoa sadaka."

"Mama yangu alikuwa anakufa!"

"Najua. Mimi yangu alikufa, kwenye barabara ya Masisi, na mimi ningemuapia chochote." Sauti yake ikavunjika, akaiokota. "Ndiyo maana siwezi hata kukukasirikia vizuri. Unaninyima hata hiyo."

"Mama alipona, Dative. Labda naweza kwenda kwa padri, labda kiapo cha namna ile..."

"Na Vanessa?"

"Vanessa nini?"

"Ule aliyepulizia mama yako pumzi. Utamuambia nini? Kwamba umesahau?"

Honoré akakaa chini kwenye jiwe, mikono kichwani. Dative alitaka kunyoosha mkono. Umbali ulikuwa kamba moja tu. Hakuunyoosha.

"Ulinisalimia ule mji?" aliuliza.

"Nini?"

"Uliniahidi utanisimulia. Nisimulie kidogo. Mugeni hatoki bila kusimuliwa."

Basi Honoré, macho chini, akamsimulia. Taa zinazoning'inia juu ya jiwe. Harufu ya mafuta inayobaki mikononi hata ukinawa. Mama mzee asiyejua lugha yake hata moja, aliyeona anapangusa kitambaa kwa wasiwasi, akamshika mkono na kumwonyesha: polepole, polepole, mpaka kinywe.

Akatoa kitambaa mfukoni. Dative akakipeleka puani. Kilinukia kitu cha mbali na kitu cha mama yake, vimechanganyika.

"Asante," alisema. "Hiki haukusahau."

*

Aliporudi sebuleni, Tantine Nyirakamana alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, kilemba kimeteleza.

"Dative, uniambie tu. Tuimbe, ama tupigane?"

"Tukae, tantine."

Watu wote walikuwa wakimtazama. Alijua kwamba neno lolote atakalosema litafika Mapendo kabla yake. Akachukua icyansi, akatembea mpaka mbele ya Mama Valérie, akapiga magoti, mushanana ikatandazika sakafuni.

"Mama, kwetu mutu akitoka safari ya mbali, watu wanavaa vizuri wanamuletea maziwa. Nimekuja kukupongeza. Kunywa, mama. Mimi ni mugeni wako."

Chumba kikapumua. Papa Bashige akapiga makofi, wengine wakafuata. "Muone adabu ya watu wa ng'ombe!" akasema mama mmoja, na hadithi ikageuka hapohapo, midomoni mwa watu, ikawa ya heshima.

Mama Valérie pekee ndiye hakudanganyika. Alikunywa. Kisha akainama, akisingizia kumpaka mafuta, midomo karibu na sikio la Dative.

"Niliongea mambo ya hema. Kule chini na mimi nililala kwenye sakafu, sina mlango, sina kitanda, nikakumbuka ile neno. Unisamehe."

"Basi umejua, mama."

"Nimejua. Lakini kiapo, mutoto yangu... niliomba kiapo mahali pale. Naogopa."

"Na mimi ningeogopa."

Kidole chenye mafuta kilikaa kwenye paji la uso la Dative muda mrefu kuliko kwenye la mtu mwingine yeyote. Alipoinuka, Vanessa alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mwiko kifuani, akilia bila sauti. Dative akamwinamishia kichwa, kisha akatoka. Hakutazama mlango wa nyuma.

*

Njia nzima Tantine alitembea mbele, kilemba mkononi. Walipokaribia nyumbani ndipo akashika mkono wa Dative.

"Muzee utamuambia nini?"

Munyakazi alikuwa bado kwenye jiwe lake. Alikuwa amefagia mbele ya mlango. Kando ya ukuta alikuwa amekata majani, rundo dogo la kijani kibichi, na amelifunga vizuri, kama kwa mnyama anayetegemewa kufika na njaa.

Alipowaona, akasimama akiegemea fimbo. Dative akampa kitambaa. Mzee akakitambua, akakinusa, macho yakajaa.

"Kimefika Yerusalemu," alisema.

"Kimefika, papa."

"Na wewe? Wamekupokea namna gani?"

Dative alitazama lile rundo la majani. Tantine Nyirakamana alifungua mdomo wake, ule mdomo usiowahi kushindwa, akaufunga.

"Kama mugeni, papa," Dative alisema. "Wamenipokea kama mugeni."

Uso wa mzee ukafunguka wote. Akainua fimbo juu kwa mikono miwili, na pale barabarani, mbele ya majirani, akaanza kuimba sifa za ng'ombe zake zilizopotea, moja baada ya nyingine, kwa majina yao, akiziita zirudi nyumbani kwa sababu mtoto amepata mlango.

"Kesho watamuambia," Tantine akanong'ona, machozi yakimtiririka.

"Kesho," alisema Dative. Akaanza kufungua pini za begani, moja moja, nguo ya watu isichanike. "Leo umuache aimbe."